Bwawa na baraza nyuma ya nyumba: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutujia kutoka kwa watu wanaojenga Dar es Salaam na pwani ya jirani: Kigamboni, Goba, Mbweni, Bunju, hadi Bagamoyo. Ili hesabu zieleweke, tumetumia mfano mmoja kwa majibu yote. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, nyumba ikishakaa, nyuma unabaki ua wa mita 20 kwa 8 hivi. Bwawa ni mita 7 kwa 3.5, na kina chake ni mita 1.1 upande mmoja na 1.5 upande wa pili. Walio Arusha, Mwanza au Nairobi, habari za upepo wa bahari na chumvi haziwahusu sana. Mengine yote yanawahusu.

Tuanze na bwawa au na sehemu ya kukaa?

Anzeni na kivuli. Wateja wengi huja na picha kwenye simu: maji ya buluu, viti vyeupe vimepangwa juani, hakuna paa wala mti. Picha hizo hupigwa nchi ambazo jua ni mgeni. Hapa kwetu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kiti cha juani kinakaliwa na taulo tu.

Bwawa hutumika kwa saa chache, tena zaidi na watoto. Baraza hutumika siku nzima: chai ya asubuhi, kusuka nywele, kuchambua mchele, mgeni ambaye hutaki kumwingiza sebuleni, kahawa baada ya magharibi. Kwa hiyo kwenye ramani baraza ndiyo ichorwe kwanza, bwawa likae mbele yake. Fedha zikikatika katikati, baraza bila bwawa ni kitu kamili. Bwawa bila kivuli litaangaliwa kupitia dirishani.

Baraza ikae upande gani?

Pwani ya Dar es Salaam jibu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu pepo zetu kubwa mbili zote zinatokea upande wa baharini. Upepo wa kusi, unaoshika kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, unatoka kusini na kusini-mashariki. Wa kaskazi, Desemba hadi Machi, unatoka kaskazini-mashariki. Nalo jua linalochoma ni la alasiri, linatoka magharibi. Weka baraza upande wa magharibi wa bwawa, uipe mgongo wa ukuta mzima kuzuia jua hilo, na uso wake uangalie mashariki. Upepo utapita juu ya maji ndipo ukufikie.

Kanuni hiyohiyo inaamua mambo mengine mawili. Jiko la kuchomea nyama liwe mwisho kabisa wa upande wa magharibi, moshi utoke badala ya kurudi kwa walioketi. Hapo angalia dirisha la jirani lilipo. Kama chumba chake cha kulala kiko nyuma ya ukuta huo, hamisha jiko kona nyingine, maana ugomvi wa mishikaki ya kila Jumamosi haumaliziki. La pili ni skima, ule mdomo uliopo ukingoni mwa bwawa unaovuta majani na mafuta ya ngozi juu ya maji. Nayo iwe ukuta wa magharibi. Upepo wenyewe utaisukumia takataka kila siku bila malipo. Fundi asiyejua hili huiweka karibu na kibanda cha pampu ili kuokoa mita kadhaa za bomba, na familia inabaki kuokota majani kwa wavu miaka yote.

Paa la makuti linafaa?

Linapendeza na linapoa kuliko bati, hilo halina ubishi. Lakini liwe na mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, la sivyo maji ya mvua yanatuama ndani ya makuti na kuyaozesha mapema. Hata likiezekwa vizuri, utaezeka upya baada ya miaka michache. Makuti hudondosha vumbi na vipande, kwa hiyo upenu ubaki angalau mita moja kutoka ukingo wa maji. Na jiko la mkaa lisikae chini ya makuti, hata kama fundi amesema "liko mbali kidogo". Cheche haina adabu.

Kuhusu boriti za mikoko: uvunaji wake ni wa kibali, na mikoko ndiyo inayoshikilia fukwe zetu. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, za aina ile ya nguzo za umeme, zinafanya kazi hiyohiyo. Zisimamishe juu ya vikalio vya zege, usizichimbie moja kwa moja kwenye udongo wenye mchwa.

Bwawa liwe na ukubwa na kina gani? Baba anataka mita tatu ili watu wapige mbizi.

Mwambieni mzee kwamba anayepiga mbizi nyumbani ni mmoja, tena kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo inayovunja shingo za watu. Bwawa la nyumbani ni la kusimama, kucheza na kuogelea kidogo. Kina cha mita 1.1 hadi 1.5 kinatosha.

Fanyeni hesabu. Mita 7 mara 3.5 mara kina cha wastani cha 1.3 ni karibu mita za ujazo 32, yaani lita 32,000. Kina cha wastani kikiwa mita 2.2, unafika lita 54,000 bila kuongeza hata kiti kimoja ukingoni. Na hizo lita utazilipia kila mwezi: klorini zaidi, pampu kubwa zaidi, umeme zaidi. Ongezeko hilo afadhali liende kwenye benchi la zege ndani ya maji, upana wa sentimita 45, kwenye ukuta mmoja wote. Watu wazima wengi wanaokuja kwenye bwawa hawaogelei. Wanataka kukaa maji yakiwafika kifuani, wakipiga soga.

Watoto wadogo wapewe sehemu yao ya sentimita 40 hivi, iliyotengwa kwa ukuta mfupi. Mteremko laini unaoanzia sentimita 40 na kuishia mita 1.5 ni mtego: mtoto anateleza hatua moja, ya pili, ya tatu, chini hakuna tena.

Kiwanja chetu ukichimba kidogo tu maji yanatoka. Bado tunaweza kujenga?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mtu aliulize kabla ya kulipa hata senti. Maeneo ya chini ya Mikocheni, Msasani na sehemu za Mbezi Beach yana maji karibu na uso wa ardhi, hasa masika. Vilimani kama Goba au Kimara tatizo hilo ni dogo, lakini kuna mteremko na udongo wa mfinyanzi.

Kipimo chake ni cha jembe na koleo. Mwezi wa Aprili au Mei, mvua zikiwa zimekolea, chimba shimo pale bwawa litakapokaa, kina cha mita 2, upana wa kumtosha mtu mmoja. Lifunike vizuri asitumbukie mtoto wala mbuzi. Acha siku mbili. Kisha shusha ubao wenye alama na usome maji yamepanda kiasi gani. Kiangazi kipimo hiki kinadanganya. Kiwanja kilekile ambacho Agosti kina shimo kavu, Mei kinaweza kuwa na maji nusu mita tu kutoka juu. Muda wote wa kuchimba angalia pia kuta: mchanga wetu huporomoka bila kuaga, na mtu asiingie kwenye shimo refu kuliko kiuno kama kuta hazijalazwa au kukingwa.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu bwawa tupu ni chombo, na chombo huelea. Kila mita moja ya maji ya ardhini iliyopanda juu ya usawa wa sakafu ya bwawa inaisukuma sakafu hiyo kwa nguvu ya tani moja kwa kila mita ya mraba. Bwawa letu la mfano lina mita za mraba 24.5, kwa hiyo ni tani zaidi ya 24 zikisukuma kutoka chini. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 20 ina uzito wa karibu nusu tani kwa mita ya mraba. Kuta zinasaidia, lakini si za kutegemea. Bwawa likiwa limejaa, tani 32 za maji ndani zinalituliza. Likimwagwa masika ili lisafishwe, linanyanyuka, linapasuka, mabomba yanakatika, na hakuna fundi wa kulirudisha chini.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kwa masharti. Jengeni bwawa lenye kina kifupi zaidi au lililoinuliwa nusu mita juu ya ardhi, na ule ukuta ulioinuka ugeuzwe kiti. Chini ya sakafu wekeni tabaka la kokoto lenye bomba la kukusanya maji hadi kwenye kisima kidogo cha kupimia, mahali ambapo pampu ya kuzamisha inaweza kushushwa. Sakafuni iwekwe valvu ya kupunguza shinikizo, inayofunguka yenyewe maji ya chini yakizidi nguvu. Na bwawa lisimwagwe kamwe kati ya Machi na Juni.

Kenya kuna adui wa aina nyingine, udongo mweusi wa maeneo kama Syokimau na Kitengela, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo unachimbwa na kutolewa, hampambani nao.

Zege, faiba, au mpira?

Zege lenye nondo kwa walio wengi. Mabwawa ya faiba huja yakiwa tayari kama bakuli moja, yanawekwa haraka, lakini lori na kreni lazima vipite, na mitaa yetu mingi hairuhusu. Ya mpira, yaani yaliyotandikwa shuka la plastiki ndani, ni rahisi mwanzoni, na jua letu halina huruma nayo.

Mkichagua zege, msisimamie rangi ya marumaru. Simamieni mambo matatu ambayo hayataonekana tena. La kwanza ni unganisho la sakafu na ukuta: hapo ndipo mabwawa mengi huvuja, na lazima utepe wa kuzuia maji uwekwe katikati ya zege kabla ukuta haujamiminwa. La pili ni kila mahali bomba linapopenya ukuta. Bomba lifungwe kwenye nondo kabla ya kumimina. Kutoboa ukuta baadaye kwa patasi na kuziba kwa saruji ni kununua uvujaji. La tatu ni nondo kutogusa udongo. Ziinuliwe kwa vijitofali vya saruji, zifunikwe na zege la sentimita 5 pande zote. Pwani chumvi hupenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Kabla ya plasta ya mwisho na marumaru, jazeni maji. Wekeni ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya bwawa, chora mstari wa penseli ndani ya ndoo na mwingine ukutani mwa bwawa, subirini saa 24. Ndoo na bwawa vyote hupoteza maji kwa jua, kiasi kilekile. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Mkandarasi anayekataa kipimo hiki kwa kusema "likivuja tutarudi" anajua anachokikataa.

Maji ya kujaza yatoke wapi, na yanapungua kiasi gani?

Lita 32,000 ni maboza matatu ya lita 10,000 na ziada. Hiyo ni mara moja. Kinachosahaulika ni maji yanayokwenda na jua: siku kavu yenye upepo hesabu milimita 5, ambayo kwa bwawa letu ni lita 120 hivi kwa siku, karibu lita 3,700 kwa mwezi. Ongeza na maji ya kuosha filta.

Maji ya kisima yapimwe kabla. Karibu na bahari visima vingi vina chumvi, na chumvi hiyo hula pampu, ngazi na taa. Vyuma vya ndani ya maji viwe vya pua daraja la 316, si 304. Kisima kingine kina madini ya chuma: maji yanatoka meupe kabisa, unatia klorini, dakika chache baadaye yamekuwa rangi ya chai. Familia hudhani imetapeliwa dawa. Ni chuma kilichogeuzwa kutu na klorini. Kuna dawa ya kukikusanya ili kichujwe, lakini ni bora kujaza kwa maji ya bomba au boza, na kisima kitumike kuongeza kidogokidogo.

Na paa la nyumba? Maji ya mvua ni safi na hayana madini, yavuneni kwenye tangi. Yana upungufu wa alkali, ambao hurekebishwa kwa magadi ya kuokea, yale ya mandazi, kwa kilo.

Klorini tutie kiasi gani? Fundi wetu hukadiria kwa kopo.

Kopo lina ukubwa gani? Ndiyo shida yenyewe. Nunueni kipimo cha matone. Mnatafuta klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.6. Kwa bwawa la lita 32,000, gramu 50 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hupandisha kiwango kwa miligramu 1 kwa lita. Sasa mna mizani, si kopo.

Anzeni kupima pH kila mara. Ikifika 8, karibu robo tatu ya klorini iliyomo inakuwa katika hali isiyoua vijidudu upesi, na mtaendelea kumwaga dawa bila faida. Dawa itiwe jioni, jua likishazama, pampu ikiwaka. Jua la mchana huiteketeza kwa saa chache kama hakuna dawa ya kuikinga. Ile dawa ya kukinga imo tayari kwenye vidonge vikubwa vya klorini, na hujilimbikiza: ukitumia vidonge peke yake mwaka mzima, inazidi mpaka inaizuia klorini yenyewe kufanya kazi.

Macho mekundu na harufu kali si dalili ya klorini nyingi. Ni klorini iliyochoka kwa mkojo na jasho. Wekeni bomba la kuogea uani, kila mtu ajimwagie maji kabla ya kuingia, na matumizi ya dawa yatashuka.

Usalama wa dawa hauna mjadala. Klorini hutiwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye klorini. Klorini na asidi zisihifadhiwe rafu moja wala kupimwa kwa kikombe kimoja, gesi yake inaua. Aina mbili za klorini zisichanganywe kwenye ndoo, zinaweza kulipuka.

Bwawa la chumvi halina klorini, si ndiyo?

Lina. Mashine huichukua chumvi na kutengeneza klorini papo hapo. Kiwango chake ni gramu 3 hadi 4 kwa lita, wakati bahari ina 35. Kwa bwawa letu ni kilo 112 hivi za chumvi ya mawe isiyo na madini joto. Maji huwa laini mwilini na hakuna kubeba ndoo za dawa. Lakini mashine inataka umeme wa kutulia, na kila chuma kilicho karibu kitajuta.

Umeme utakula kiasi gani?

Lita 32,000 zinatakiwa kupita kwenye filta zote ndani ya saa 6 hadi 8. Pampu ya robo tatu ya nguvu ya farasi inatosha. Ikivuta kilowati 0.75 kwa saa 8, ni uniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Mlio kwenye bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75, mtaiaga. Pampu kubwa haisafishi zaidi, inasukuma maji kwenye mchanga wa filta kwa kasi mpaka uchafu unapenya.

Saketi yote ya bwawa ipite kwenye swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, transfoma yake iwe mbali na ukingo. Hakuna soketi ya kawaida ndani ya mita 3. Redio ya sherehe isiletwe na waya wa kuunga ukingoni.

Tuna watoto wadogo. Tutawalindaje?

Mtoto akizama hapigi kelele. Hakuna kurusha mikono kama kwenye sinema. Anashuka kimya ndani ya dakika moja, mtu mzima akiwa anajibu ujumbe kwenye simu.

Uzio ni lazima, na uwe unalizunguka bwawa lenyewe. Ukuta wa kiwanja hauhesabiki, kwa sababu mtoto wako tayari yuko ndani yake. Urefu usipungue mita 1.2, fito zake ziwe za wima ili zisigeuke ngazi, nafasi kati yake isizidi sentimita 10. Geti lifunguke kuelekea nje ya bwawa, lijifunge lenyewe, komeo liwe juu, mita 1.5. Mlango wa jikoni unaofungukia moja kwa moja kwenye maji ni kosa la mchoro, mwambieni msanifu aufute. Vyungu vya maua na viti visisogezwe karibu na uzio.

Midomo ya kuvuta maji sakafuni iwe miwili, imeachana kwa mita moja, yenye vifuniko vya mbinuko. Mmoja peke yake wenye kifuniko bapa unaweza kumnasa mtoto kwa nywele au tumbo, na nguvu ya pampu hata baba hawezi kuishinda.

Wasichana wa kazi, shamba boi, bibi: wote wanaobaki na watoto wafundishwe kumtoa mtu majini na kumpulizia pumzi. Mara nyingi bwawa linajengwa na mtu anayeshinda ofisini na kulindwa na mtu asiyejua kuogelea.

Ghorofa la jirani linatuona. Mama na mabinti hawatakuwa huru.

Faragha haipatikani kwa kuongeza ukuta hadi mita nne. Utaua upepo na ghorofa bado litaona. Simameni katikati ya ua, tazameni dirisha linalowaona, na wekeni kizuizi karibu nanyi: paa la baraza lililosogezwa, pagola lenye mmea unaotambaa, ukuta mfupi wa matofali ya matundu. Matofali hayo hupitisha upepo na kukata macho, na nyumba zetu za pwani zimeyatumia tangu zamani. Kwenye baraza pandeni asumini. Jioni hujitangaza yenyewe.

Miti gani tusipande karibu?

Mfenesi, mkuyu na jamii yake yote, mizizi yake hutafuta maji na itayapata. Mvinje hudondosha sindano zinazopita kwenye kikapu cha skima. Mwembe uwe mbali kwa kiasi ambacho kivuli chake hakifiki majini, kwa ajili ya maua, majani na popo wa msimu wa embe. Mnazi unajulikana kwa nazi zinazoanguka.

Kero kubwa zaidi hata hivyo inaruka. Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuvuka bara, hubeba mifupa na vipande vya chapati kutoka majalalani na kuviloweka kwenye bwawa lenu. Nyuzi za mshipi wa kuvulia zilizotandazwa juu ya maji wakati hamlitumii huwachanganya. Mvua za kwanza zikinyesha, zimeni taa za uani: kumbikumbi wa usiku mmoja wanaweza kuziba skima kabisa.

Bwawa litaleta mbu?

Linalozungushwa na kutiwa dawa, hapana. Lililoachwa, ndiyo, kwa wingi. Mbu wa dengue, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda zaidi vitu vidogo: visahani vya vyungu, makopo, mikunjo ya turubai lililofunika bwawa. Mwageni kila wiki.

Kibali kinahitajika?

Ndiyo, kutoka halmashauri, na ni rahisi bwawa likiwa kwenye ramani ya nyumba tangu mwanzo kuliko kurudi baadaye. Walio ufukweni wakumbuke Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na zile mita 60 kutoka baharini. Kisima kirefu Dar es Salaam kinaombewa kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Maji ya kuosha filta yasielekezwe barabarani, kwa jirani, wala kwenye shimo la choo, klorini huua bakteria wanaoozesha uchafu humo. Chimbeni shimo lake la kokoto.

Tumepewa bei tatu zinazotofautiana sana. Tutajuaje ipi ni ya kweli?

Bei moja ya jumla, "bwawa kamili", haisomeki. Dai mchanganuo: uchimbaji na udongo kupelekwa wapi, kilo za nondo, mita za ujazo za zege, kizuia maji, marumaru kwa mita ya mraba, pampu na filta kwa ukubwa, umeme, eneo la kutembea linalozunguka bwawa. Bei ya chini mara nyingi imeruka viwili kati ya hivyo. Eneo la kutembea ndilo huachwa zaidi, nawe unabaki na bwawa katikati ya matope. Upana wake uwe mita 1.2 au zaidi, peving ya rangi nyepesi isiyoteleza, yenye mwinamo unaotoa maji ya mvua mbali na bwawa. Marumaru za kung'aa ziacheni sebuleni.

Tunasafiri miezi miwili. Tulimwage?

Msilimwage. Pandisheni klorini hadi miligramu 5 siku ya kuondoka, pampu iwekewe saa ya kujiwasha, na mtu aje mara mbili kwa wiki kupima, kuondoa majani kwenye kikapu na kusoma geji ya filta. Geji ikipanda kwa nusu bar juu ya kipimo cha filta safi, aioshe kwa kurudisha maji kinyume dakika mbili au tatu, hadi maji yanayoonekana kwenye kioo cha filta yawe meupe. Aandike vipimo kwenye daftari kila anapokuja na kuwatumia picha ya ukurasa huo pamoja na picha ya sakafu ya upande wa kina. Mstari wa marumaru za sakafuni ukisomeka vizuri, maji yako salama. Ukififia, mpigieni siku hiyohiyo, msisubiri yawe kijani.